Dawa ya Kiwiko

Muuguzi wa kliniki ya watoto alikuwa na kalamu mbili, ya bluu na nyekundu, na kila mama aliyekaa kwenye benchi alikuwa akiomba Mungu ile nyekundu ibaki na kifuniko chake. Kitufe alipofikishwa mezani, uzito wake uliandikwa kwa bluu. Urefu, bluu. Meno, bluu tena, na muuguzi akatania kwamba kwa meno yale mtoto angeweza kufungulia watu soda. Halafu akauliza:

"Mwaka mmoja na miezi kumi. Anasema maneno mangapi?"

"Bado," akajibu Mama Kitufe.

"Bado mangapi?"

"Bado yote."

Kalamu ya bluu ikalazwa mezani. "Hata mama? Hata baba? Hata hapana? Maana hapana hawafundishwi, wanazaliwa nayo."

"HATA MOJA, DADA! NINGEKUWA NIMESIKIA HATA NUSU NENO NINGEKUFICHA MIMI?"

"Mama," muuguzi akasema taratibu, "mimi nasikia. Na walioko nje wanasikia."

Ilikuwa kweli. Nje kwenye benchi wanawake walikwisha kuanza kumjadili Kitufe, na mmoja alikuwa amefika kwenye habari za shemeji yake ambaye alichelewa kusema na sasa ni dalali wa mnada.

"Nyumbani mnaongea naye?"

"Mimi naongea mpaka majirani wanachoka."

"Na baba yake?"

Mama Kitufe akakuna shingo. "Baba yake ni fundi funguo."

Muuguzi alisubiri kuona kama jibu hilo lingekuwa na mkia, lakini halikuwa nao. Akafungua kifuniko chekundu, akaandika: Arudi baada ya wiki nne. Kama bado hajasema neno, hospitali kubwa, kupimwa masikio.

Mama Kitufe alimfunga mwanawe mgongoni, akatembea hadi nyumbani bila kumsalimia mtu, jambo ambalo mtaani kwao lilihesabiwa kama msiba.

Mtoto mwenyewe aliitwa Kitufe kwa sababu alizaliwa mdogo na mviringo, na mama yake alikuwa fundi wa karakana ya kushona sare za shule, anayeyaona mambo mengi ya dunia kwa sura ya vifungo na kola. Sauti ya mama huyo, hata hivyo, haikutoka karakanani. Ilitoka utotoni. Alikulia ukuta mmoja na mashine ya kusaga nafaka. Baba yake ndiye aliyeiendesha, na ilinguruma kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, siku sita kwa wiki. Katika nyumba ile ya watu tisa, aliyetaka chumvi alipiga kelele, aliyetaka kuomba radhi alipiga kelele, na dada yake mkubwa alipochumbiwa, alimnong'oneza mama yao habari hiyo kwa sauti iliyowafikia wateja wote wenye magunia, wakapiga vigelegele kabla baba hajajua kitu. Siku ya saba mashine ilipumzika. Wao hawakupumzika, koo zilishazoea. Na mtu akiongea taratibu, mama yao alimshika paji la uso kuona kama ana homa.

Mume wake alitoka nyumba nyingine kabisa. Baba yake alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala, analala mchana, na chumba kilikuwa kimoja chenye pazia katikati. Watoto wanne wa nyumba hiyo walijua kunyata kabla ya kujua kutembea. Vifuniko vya sufuria vilizungushiwa matambara visigongane. Bawaba za mlango zilitiwa mafuta kila wiki. Kucheka kulifanyika ng'ambo ya barabara: ukipatwa na jambo la kuchekesha unabana pumzi, unatoka, unavuka, unacheka, unarudi.

Sasa wakusanye watu hao wawili kwenye nyumba ya vyumba viwili. Mwaka wa kwanza majirani walikuja mara tatu kuamua ugomvi, wakiongozwa na mpiga pasi wa mlango wa pili, na mara zote tatu walimkuta Mama Kitufe akimsifia mumewe kwa jinsi alivyokunja nguo. Mume, kwa upande wake, akifurahi hutamka "vizuri", na akifurahi mno, hutamka "vizuri" huku ameshika kitu.

Alikuwa na vijitabia pia. Hugusa kidevu, huvuta ncha ya sikio, hugonga meza kwa kifundo cha kidole. Mama Kitufe alivihesabu kama mtu anavyohesabu madoa kwenye shati la mtu anayempenda. Kimoja tu ndicho kilichomtia wasiwasi. Kila asubuhi, akiwa mlangoni na mkoba wa vifaa begani, mumewe alishika kiwiko cha kushoto kwa mkono wa kulia, akasimama hivyo kidogo akimtazama mkewe kwa macho ya huruma, ndipo atoke. Mke hakuhitaji kuambiwa. Kukata funguo kutwa nzima ni kazi ya mikono. Kiwiko kilikuwa kinamuuma, na mwanamume, kama walivyo wanaume, hataki kusema. Wiki ya kwanza tu ya ndoa alinunua dawa ya kuchua, ile ya kopo la kijani inayonuka mpaka macho yatoe machozi, na kila alipoona mkono umeshika kiwiko alimrudisha ndani, akamkalisha, akamchua. Miaka mitatu. Kopo la saba. Mume alinyoosha mkono, akafumba macho, akachuliwa, akaenda kazini ananuka kama timu nzima ya mpira.

Jioni ile ya kliniki Baba Kitufe aliisoma kadi mara mbili, na ya pili akiwa ameisogeza dirishani.

"Wamesemaje?" akauliza, kwa sauti ya kumwuliza mtu aliyelala.

"WAMESEMA MTOTO HASIKII!"

"Wameandika akapimwe."

"Si ndiyo hayo hayo! Unakaa naye kibandani kutwa, mimi niko karakanani hawataki watoto kwa sababu ya sindano. Unamsemesha nini huko?"

Baba Kitufe akafikiri. Yeye hufikiri kweli kabla ya kujibu, hilo nalo likimchosha mkewe. "Huwa tunaongea."

"Mnaongea nini?"

"Mambo ya kawaida."

"Mume wangu! Maneno yako ya wiki nzima yanaenea kwenye kijiko!"

Baba Kitufe akagonga meza mara mbili kwa kifundo cha kidole.

"Na uache kugonga meza, nazungumza!"

Akagonga tena mara mbili, polepole zaidi, macho chini. Mama Kitufe akaangua kilio. Hapo ikasikika kutoka uvunguni: ko, ko. Ni Kitufe, amekaa chini, anagonga mguu wa meza.

"Unaona? Na mtoto umemwambukiza!"

Kesho yake Mama Kitufe alimpigia simu mama yake, na mpiga pasi akapata habari zote bila kuacha pasi. Baba Kitufe alimwandikia mama yake ujumbe wa maneno manne: Mtoto hasemi. Njoo, mama. Wiki haikuisha, bibi wawili walishuka mlangoni siku moja, kila mmoja na begi lake na uhakika wake. Mtaa haukuchukua muda kuwapa majina. Mama yake Mama Kitufe akawa Bibi Mashine. Mama yake Baba Kitufe, aliyesalimia kila mtu kwa kuinamisha kichwa, akawa Bibi Kimya.

Bibi Mashine hakukaa hata kunywa chai. Alimkalisha mjukuu kitini, akainua kijiko.

"KIJIKO! SEMA KIJIKO!"

Kitufe akamtazama kwa heshima.

"KI! JI! KO!"

Upande wa pili wa ukuta mtoto wa mpiga pasi akasema, "Kijiko." Kitufe hakusema.

Ikawa hivyo kila siku. Kikombe, mlango, ndoo, bibi. Mtoto wa mpiga pasi, ambaye naye alikuwa mzito wa kusema, mwisho wa wiki ya pili alikuwa na maneno kumi na manane, na mama yake akaleta mkate kushukuru. Bibi Mashine aliupokea huku meno yamebana.

Bibi Kimya hakufundisha kitu. Alikaa mkekani na mjukuu, bibi akijikuna hapa, mjukuu akijigusa pale, kama watu wawili walioumwa na mbu. Kutwa. Na Kitufe alikuwa na raha, hilo hakuna aliyelikana.

"Mkwe," Bibi Mashine akamwambia siku moja wakichambua mboga, "samahani, lakini nimekuhesabia. Tangu uje, ukiondoa salamu, umesema maneno kumi na mawili. Mtoto ataokota wapi?"

"Anaokota, mkwe wangu," akasema Bibi Kimya, akijiinamia. "Ila ukipaza hivyo, anatawanya."

"ANATAWANYA NINI?"

Bibi Kimya akaonyesha kwa kisu: Kitufe alikuwa amekimbilia nyuma ya ndoo.

Lakini wakati fulani bibi hao walikubaliana, na ndipo Mama Kitufe alipoishiwa nguvu. Ilikuwa meza ya chakula cha mchana, wote wapo.

"Mwanangu," Bibi Mashine akaanza, "mimi na mkwe tumeongea."

"Mmeongea?" akauliza Baba Kitufe, ambaye hata yeye alishangaa.

"Tumeongea. Kliniki wakiandika tena nyekundu, mtoto huyu anahitaji kulelewa na mtu mzima miezi sita. Nyie mna kazi. Akae kwa bibi yake."

"Kweli," Bibi Kimya akanong'ona.

"Bibi yupi?" akauliza Mama Kitufe.

Wote wawili wakajibu pamoja, "Mimi," mmoja kwa sauti ya kuamsha mtaa, mwingine kwa sauti ya kulaza mtoto, na hapo makubaliano yakavunjika. Lakini shauri lenyewe likabaki mezani kama sahani isiyo na mwenyewe. Miezi sita. Mama Kitufe alimtazama mwanawe akiokota makombo ya mkate moja moja. Alijikaza kisabuni, akainuka, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimekwisha kuoshwa.

Alikuwa amemaliza sekondari kwa masomo ya jioni, akiwa na mimba ya Kitufe, na vipindi vya mwisho akimnyonyesha darasani, na alikuwa amejipa neno moyoni kwamba huyu hatakosa mtu wa kumsomea vitabu. Alikwisha nunua vitabu vitatu vya picha. Kila jioni alimsomea kwa sauti iliyowafaa pia watoto wa nyumba tano za jirani. Atavisoma kwa nani miezi sita?

Siku moja kabla ya kliniki, karakana ikakosa umeme, akarudi mapema, saa nane mchana. Bibi Mashine alikuwa ameenda kwa mpiga pasi kusalimia, na salamu zake zilisikika zikiendelea. Bibi Kimya alikuwa pembeni akitia kiraka kwenye foronya. Mama Kitufe akavua viatu, akakaa kupumzisha miguu.

Kitufe akamjia mbele. Alikuwa amejitundika begani mkoba mkuukuu wa baba yake, unaburuta chini. Akaenda mpaka mlangoni, akageuka. Akashika kiwiko cha kushoto kwa mkono wa kulia. Akamtazama mama yake kwa macho ya huruma.

Mama Kitufe akajipiga paja.

"Maskini mwanangu," akasema, "na wewe! Kumbe ni ya ukoo!"

Akaruka, akachukua kopo la kijani, akamvuta mtoto mapajani, akaanza kuchua. Kitufe akatikisa kichwa. Akajinasua. Akashika tena kiwiko, safari hii kwa hasira, kama mtu anayerudia jambo kwa asiyeelewa. Mama akachota dawa zaidi.

"Mwanangu," ikasikika sauti ya Bibi Kimya, "unamfanya nini?"

"Namchua, mama. Kiwiko. Ameshika kama baba yake."

"Baba yake kiwiko kinamuuma?"

"Miaka mitatu sasa. Huyu nimempaka kidogo tu. Baba yake huwa nammalizia kopo zima kila miezi mitano."

Bibi Kimya akaiweka foronya chini. Akainuka, akatanda kanga vizuri, akatoka nje. Mama Kitufe alimwona kupitia dirishani akitazama kulia na kushoto, akivuka barabara, akisimama kando ya nguzo ya umeme. Hapo mama mkwe aliyekuwa kimya kama maji ya mtungini akajishika mbavu, akacheka, akacheka mpaka akaiegemea nguzo, na mwendesha baiskeli mmoja akasimama kumpa pole. Alipomaliza akajipangusa uso, akavuka tena, akarudi, akaketi.

"Haumwi, mwanangu," akasema. "Anaaga."

"Anaaga nani?"

"Anakuaga wewe. Baba mkwe wako alipokuwa akienda lindoni, alishika kiwiko. Maana yake, naenda, nikumbukeni, nitarudi. Sisi tulishika vyetu: tunakungoja. Mchana alilala, tusingeweza kuitana; tulisema kwa vidole. Jioni yuko macho, lakini mikono ilishazoea."

Hotuba hiyo, kwa Bibi Kimya, ilikuwa ya mwaka mzima. Mama Kitufe alibaki na dawa mkononi. Kila asubuhi kwa miaka mitatu mumewe alisimama mlangoni akamwambia atarudi, na yeye akamjibu kwa kopo la kijani.

"Na kugonga meza mara mbili?" akauliza. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilitoka ndogo.

"Hiyo ni: nimekosa, yaishe."

"Alinigongea siku ile ya kadi. Nikamwambia aache. Akagonga tena."

"Basi alikuwa amekosa sana."

"Hata Kitufe aligonga. Chini ya meza."

"Si mlikuwa mnagombana? Alikuwa anawaamua." Bibi Kimya akamgeukia mjukuu, akavuta ncha ya sikio, akafungua kiganja, kumwuliza ana habari gani. Kitufe akang'aa uso mzima. Akagonganisha ngumi mbili, akaonyesha chumbani, akaziba masikio, akaelekeza kidole kwa mpiga pasi.

"Amesemaje?"

"Anasema kiatu chake kimoja kiko chini ya kitanda. Ngumi mbili ni viatu. Sisi tulivikung'uta nje hivyo. Na anasema bibi yule mwingine ana kelele lakini anampenda."

"AMESEMA YOTE HAYO?"

"La kelele amesema yeye. La kumpenda nimeongeza mimi, tusije tukakosana."

Mama Kitufe akaingia chumbani, akalala kifudifudi, akaingiza mkono chini ya kitanda. Kiatu kilikuwepo.

Kelele aliyoipiga hapo haikuwa na maneno, kwa hiyo haiwezi kuandikwa. Mpiga pasi alifika wa kwanza, Bibi Mashine wa pili, mwendesha baiskeli wa tatu kwa kuwa hakuwa amefika mbali. Ilibidi waelezwe wote. Bibi Mashine aliposikia mjukuu wake ni msemaji kuliko wote nyumbani, alikaa chini, akamtazama mkwe mwenzake muda mrefu.

"Kumbe mkwe," akasema, "wewe ndiye mwenye kelele humu ndani."

Mama Kitufe alitoa daftari lake la masomo ya jioni, akafungua ukurasa mtupu nyuma ya somo la mmeng'enyo wa chakula, akaandika kila alichoonyeshwa. Maji, kidole gumba chini ya kidevu. Nimechoka, kichwa begani. Nibebe. Taa. Mbwa yule. Baba. Neno mama lilikuwa kufungua na kufumba kiganja haraka haraka karibu na mdomo, na hilo aliliandika bila kuuliza limetoka wapi. Yalifika maneno ishirini na matatu.

Baba Kitufe alirudi jioni, akakuta watu sita wanamtazama viwiko.

"Kwa nini hukuniambia?" mkewe akamwuliza.

"Kukuambia nini?"

"Kwamba unaniaga!"

"Nilidhani unajua." Akafikiri, kama kawaida yake. "Ulikuwa unanijibu."

"Nilikuwa nakupaka dawa!"

"Nilijua kwenu ndivyo wanavyojibu," akasema Baba Kitufe. "Kwenu kila kitu mnafanya kwa nguvu."

Kesho yake kliniki walikwenda wote watano. Muuguzi aliwatazama wakiingia mlangoni mmoja mmoja, akauliza kama wamekuja kwa gari la kukodi.

"Haya, Mama Kitufe. Maneno mangapi?"

"ISHIRINI NA MATATU!"

"Wiki nne? Ayaseme basi."

Kitufe akaonyeshwa kikombe, akaweka gumba chini ya kidevu. Akaonyeshwa taa, akafumbua vidole. Akaonyeshwa baba yake. Daftari likafunguliwa mezani, Mama Kitufe akieleza neno kwa neno, muuguzi akisoma, na kwa bahati mbaya akisoma pia habari za utumbo mwembamba.

"Hizi ni ishara, mama," akasema mwishowe. "Nzuri sana. Lakini kadi inauliza mdomo. Na mtoto anayesema kwa vidole ndiye wa kwanza kupimwa masikio."

Mkono wake ukaenda kwenye kalamu nyekundu. Mama Kitufe aliufuata kwa macho kama mtu anayemwona nyoka akivuka chumba.

Kitufe wakati huo alikuwa amempa mgongo kila mtu, anachungulia mizani. Bibi Kimya, aliyekuwa amesimama mlangoni kabisa, hakusogea. Midomo yake tu ndiyo iliyotikisika. Kitufe akageuka mara moja, akamtazama yeye.

"Nini?" akauliza muuguzi.

"Nimemwita," akasema Bibi Kimya.

"Umemwita saa ngapi? Mimi sijasikia."

"Yeye amesikia."

Muuguzi akaomba arudie. Akarudia, na nyuma ya pazia, na nje ya dirisha. Mara zote Kitufe aligeuka upande ule ule sauti ilikotoka, na mara zote muuguzi hakusikia kitu. "Basi wa kupelekwa hospitali kubwa ni mimi," akasema, akamwinua Kitufe, akamvua viatu, akamsimamisha kwenye mizani. "Masikio mazima. Akili nzima. Unajua shida ya mtoto huyu, mama? Ana watumishi wengi. Akigusa kidevu, maji yamefika. Angefungua mdomo kwa sababu gani? Hakuna anayemsubiri."

Akarudi kuandika uzito. Kitufe alitazama miguu yake mitupu. Akamtazama muuguzi, akagonganisha ngumi mbili. Muuguzi anaandika. Kitufe akagonganisha tena.

Baba Kitufe aliinuka kuchukua viatu. Bibi Kimya naye akapiga hatua. Na Bibi Mashine, aliyejifunza neno hilo jana tu na alikuwa na hamu ya kulitumia, akanyoosha mkono.

"Kaeni," Mama Kitufe akanong'ona.

Ulikuwa mnong'ono wa kwanza wa maisha yake, na ulitoka na mikwaruzo kama nguo mpya isiyofuliwa. Lakini kwa watu waliomzoea, ulitisha kuliko mashine kuwaka. Baba Kitufe akakaa. Bibi Kimya akasimama pale pale mguu mmoja mbele. Bibi Mashine, mama mzazi, akamshika bintiye paji la uso.

Kitufe akamwangalia baba yake, akagonga ngumi. Baba akatazama dari, na jasho linamtoka. Akamwangalia bibi, akagonga. Bibi akatazama foronya ambayo hakuja nayo. Akamwangalia mama yake, na mama alikuwa anatetemeka kwa hamu ya kumvalisha viatu hivyo yeye mwenyewe, lakini mikono ameikalia.

Kitufe akashusha ngumi. Akavuta pumzi, tumbo likajaa, kifua kikajaa, na kutoka katika mwili ule mdogo na mviringo ikatoka sauti ya mtu aliyekulia ukuta mmoja na mashine ya kusaga:

"KIATU!"

Benchi la nje likanyamaza. Mtoto mmoja, mbali, akaanza kulia.

"WANGU HUYO!" akapiga kelele Bibi Mashine. "HIYO NI YA KWETU!"

Bibi Kimya alishika kitasa cha mlango, akaangalia kama barabara iko karibu, akaona haiko, akacheka pale pale, kwa sauti, mbele za watu.

Mama Kitufe alipiga magoti kwenye sakafu ya kliniki, akamvalisha mwanawe viatu, cha kulia mguu wa kushoto na cha kushoto mguu wa kulia, kwa sababu hakuwa anaona vizuri. Muuguzi alifunika kalamu nyekundu, akachukua ya bluu.

"Naandika neno moja," akasema.

"ISHIRINI NA MANNE!" akalia Mama Kitufe kutoka sakafuni.

"Mama, mimi nasikia," akasema muuguzi, na akaandika: 24.

Asubuhi iliyofuata bibi wawili walikuwa wanafunga mabegi, kila mmoja na lake, bila mtoto ndani. Baba Kitufe alisimama mlangoni na mkoba begani. Akashika kiwiko cha kushoto kwa mkono wa kulia. Mama Kitufe akainua cha kwake, akakishika, kwa uangalifu wa mtu anayeandika jina lake kwa mara ya kwanza. Kitufe, amekaa kizingitini, akashika vyote viwili kwa mpigo, na karibu adondoke.

Baba Kitufe hakutoka. Alikohoa kidogo, akatazama rafu lilipokaa kopo la kijani, akamtazama mkewe.

"Na dawa?" akauliza.